Kompyuta ‘imekufa’, na mgao ni Jumamosi!

Kama dukani au nyumbani kwako kuna kompyuta ya kizamani imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na fundi alishakwambia “hii basi tena, tafuta nyingine”, leo kaa mkao wa kula. Nina kisa cha Kakola, mji ule unaopumulia mgodi wa Bulyanhulu. Ndani yake mna mambo ya kiufundi, lakini nitakumenyea kama chungwa. Usikimbie.

Kwa wasiopajua, Kakola iko Halmashauri ya Msalala, mkoa wa Shinyanga, na ukisogea kidogo tu umeshaingia Geita. Ni mji wa vumbi jekundu, bodaboda, nyama choma na watu wanaotafuta. Mgodi ulianza kuzalisha mwaka 2001. Ukichangamka, mji mzima unachangamka. Ukinyamaza, mama lishe naye anafunika sufuria. Mwaka 2017 serikali ilipozuia makinikia yasisafirishwe nje, kazi zikapungua, vijana wakafungasha, vyumba vya kupanga vikabaki na popo. Kisha ikazaliwa kampuni ya Twiga, Barrick asilimia 84 na serikali 16, na mwishoni mwa mwaka 2020 watu wakarudi chini ya ardhi kuchimba. Mji nao ukafufuka, na kelele zikarudi.

Sasa mji wa namna hiyo hauishi bila steshenari. Kila kijana anayetaka kibarua mgodini au kwa makandarasi lazima apite pale: wasifu uchapwe, cheti kitolewe fotokopi, picha ya pasipoti ipigwe mbele ya shuka la buluu. Mama mmoja ana steshenari yake jirani na stendi. Jina lake tuliache. Mimi namwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama, na yeye ananiita mwanangu ingawa hatuna udugu wowote zaidi ya wino wa printa.

Basi bwana, Jumanne moja jioni, mwishoni mwa mwaka 2025, akanijia na bodaboda. Nyuma kafungiwa bokisi la kompyuta limeviringishwa kwenye kitenge kama mtoto anayepelekwa kliniki.

“Shikamoo Mayu.”

“Marahaba mwanangu. Wamesema imekufa.”

Hakukaa. Kwa kawaida yeye ni mtu wa stori, akikaa kwenye benchi langu utamsikia mpaka giza. Siku hiyo alisimama tu, mkono mmoja juu ya bokisi. Nikashtukia kwamba hapa kuna jambo zaidi ya kompyuta.

Kumbe Mayu ni katibu wa kikoba chao. Wanawake 28: wauza dagaa, mama lishe, wauza mitumba, na wengine wanaochekecha mchanga kwenye mialo ya wachimbaji wadogo. Wanaweka hisa kila wiki, wanakopeshana, na mwisho wa mwaka wanavunja sanduku na kugawana. Sanduku lina kufuli tatu na wenye funguo ni watatu, kwa hiyo fedha haina wasiwasi. Hisa nazo kila mwanachama ana kitabu chake. Lakini mikopo na marejesho, nani kachukua kiasi gani, nani karudisha na nani bado, yote Mayu alikuwa anaandika kwenye kompyuta ya steshenari. Kauntabuku ilinyeshewa mvua za masika, wakakubaliana kuhamia kwenye mashine. Na mgao ulipangwa Jumamosi.

Umeona kasheshe hiyo? Kompyuta imekufa siku chache kabla ya mgao, na katibu ndiye mwenye kompyuta. Mjini maneno yakaanza kutembea. “Eti imekufa.” “Kwa nini ife sasa hivi?” Mwanamke mmoja alifika dukani akanunua karatasi moja tu ya A4, akamtazama Mayu usoni, akaondoka bila kuaga. Kwa mtu aliyeishi mji mmoja miaka kumi na kitu, kile kikaratasi kimoja kinauma kuliko tusi.

Nikamuuliza ilianzaje. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mashine ikawaka lakini ikaishia kwenye kioo cheusi. Akaipeleka kwa fundi mmoja mjini, simtaji. Yule akasema diski imekwisha, akampachikia nyingine iliyotumika, akajaribu kumwekea Linux. Mwisho wa safari ikamletea kosa. Akajaribu tena, kosa lile lile. Akatamka hukumu: mazabodi imekufa, nunua nyingine, mimi ninazo. Cha maana alichofanya ni kimoja: alimrudishia Mayu diski yake ya zamani kwenye bahasha ya kaki. Kwa hilo Mungu ambariki.

Niliichukua bahasha kwanza. Bokisi nikaliweka pembeni.

Hapa nataka unisikilize vizuri, wewe mwenye kompyuta. Mashine haina thamani yoyote mbele ya kilichoandikwa ndani yake. Bokisi utalipata Kariakoo, utalipata Mwanza, utalipata hata Kahama. Madeni ya wanawake 28 huyapati dukani. Kwa hiyo diski inayoumwa haiwashwi-washwi kujaribu bahati, wala haikarabatiwi ikiwa ndiyo nakala pekee. Kila unapoiwasha unaweza kuimalizia. Inafungwa pembeni, kwa kebo ya USB, kwenye kompyuta nzima, na kazi ya kwanza ni kuinakili yote jinsi ilivyo.

Kuna programu ya bure inaitwa ddrescue. Uzuri wake ni kwamba haina ubishi. Ikikuta sehemu mbovu, hairudii-rudii pale pale mpaka diski izimie. Inaruka, inachota kwanza kote kunakochoteka, inaandika kwenye daftari lake imeacha wapi, halafu inarudi kwenye mabaya taratibu. Mtu wa duara anaielewa haraka: toa kwanza mawe yaliyolegea, mwamba mgumu utaurudia. Niliiacha ikatafuna usiku kucha. Asubuhi vipande vichache tu ndivyo vilivyokataa, na faili la kikoba lilikuwa limekaa salama. Nikalifungua kwenye laptop yangu: majina, tarehe, mikopo, marejesho. Nikampigia Mayu. Kimya kikapita kwenye simu, halafu nikasikia mtu anapenga kamasi.

Ungedhani kisa kimeisha, sio? Thubutu!

Jumatano jioni viongozi wa kikundi wakakaa. Mayu akawaambia hesabu zimepatikana, ziko kwa kijana fulani kwenye laptop. Wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha mmoja akasema hivi: kijana huyo sisi hatumjui, na kitu kilichopikwa kwenye laptop ya mtu kinaweza kutiwa chumvi yoyote. Sisi tunataka tuione kwenye kompyuta ile ile tuliyoizoea, pale pale dukani, iwake mbele yetu.

Kiufundi hoja hiyo haina miguu. Namba ni namba, ziwe kwenye laptop yangu au ya jirani. Lakini ukiwa mwanamke unayechekecha mchanga juani ili uweke elfu tano kwa wiki, una haki ya kudai kuona kwa macho yako. Mimi sikuwalaumu. Tatizo lilikuwa moja: siku zilizobaki ni mbili, Alhamisi na Ijumaa, na mashine yenyewe ndiyo ile iliyohukumiwa kifo.

Alhamisi asubuhi nikafungua bokisi. Ni mashine ya mwaka 2008 hivi, prosesa ya Core 2 Duo, RAM 2GB, imezunguka Ulaya, ikapita Dubai, ikafika Kakola. Ndani vumbi jekundu kama la barabarani. Nikalipuliza, nikaiwasha. Ikawaka vizuri. Mazabodi iliyokufa haiwaki, mtu wangu! Saa yake ilikuwa inasoma tarehe 1 Januari 2008.

Hiyo saa ilinipa picha ya kwanza. Kwenye mazabodi kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, CR2032. Ndiyo inayoikumbusha kompyuta saa ni ngapi na ianzie wapi kuwaka hata ikichomolewa kwenye umeme. Ikiisha, kila umeme ukikatika mashine inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Inaweza kuanza kutafuta mfumo kwenye flopi, kitu ambacho wadogo zangu wengi hamjawahi kukishika, au kwenye waya wa mtandao. Na tarehe ikiwa ya 2008, intaneti nayo inazingua, maana vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza hata kutumika. Betri nikaipata kwa jamaa anayeuza mizani midogo ya kupimia dhahabu. Hiyo ndiyo Kakola bwana, spea ya kompyuta unaipata kwa wauza mizani.

Sasa kwa nini Linux na si Windows? Msomaji, Windows 7 aliyokuwa anaitumia Mayu iliachwa na wenyewe Januari 2020. Windows 10 nayo ilikoma kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai UEFI na kichipu cha usalama cha TPM 2.0, vitu ambavyo mashine ya 2008 haina hata kwa ndoto. Mamilioni ya kompyuta nzima kabisa duniani zimejikuta hazitakiwi kwa sababu hiyo, na nyingine ziko njiani kuja kwetu kwenye makontena. Linux nyepesi haina masharti hayo. Wala si kitu kigeni kwetu. Mwaka 2004 wataalamu waliokuwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Miaka ishirini na ushee imepita tangu wakati huo, na bado ukisema Linux kijiweni unaonekana unajidai.

Nikaichomeka flashi, nikarudia usakinishaji vile vile alivyofanya yule fundi. Ukiletewa mgonjwa, usipokee majibu ya vipimo kwa mdomo. Shahidi jicho. Baada ya saa nzima na zaidi, ilipokaribia kumaliza, kidirisha kikaruka: kupachika GRUB kwenye sda kumeshindikana, na kosa hili ni la kufisha.

La kufisha! Kwa Kimombo lilivyoandikwa linatisha kama tangazo la msiba. Nadhani yule fundi alisoma neno hilo tu akaandika cheti cha kifo. Kumbe ni lugha ya maprogramu. Maana yake ni kwamba programu imeshindwa kuendelea na hatua hiyo. Mashine haijafa.

GRUB ni nini? Hebu nikuelekeze kwa mfano. Mchimbaji hashuki duarani kwa kujirusha. Kuna mtu wa winchi juu, anaijua kamba, anajua kina, anamshusha. Kompyuta ikiwaka ni kama mtu aliyezinduka usingizini asijue yuko wapi. Kinachoamka kwanza ni BIOS, kiprogramu kidogo kilichokaa kwenye mazabodi. BIOS ya zamani haijui Linux wala Windows. Inajua jambo moja: nenda mwanzo kabisa wa diski, soma baiti 512 za kwanza, fanya zinachosema. Mtu wa winchi anakaa hapo. Ndiye butiloda, na wa Linux anaitwa GRUB, kazi iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995. Bila yeye mfumo wote uko chini mzima, lakini hakuna wa kukushusha.

Sasa angalia zile baiti 512. Mpangilio huo ni wa mwaka 1983, enzi za DOS. Baiti 64 ni za orodha ya patisheni, 2 ni za sahihi, zinabaki 446 za programu. Herufi 446! Barua ya kuomba kazi mgodini inazidi hapo. GRUB haienei, kwa hiyo inaweka mguu mmoja pale na mwili wake wote inauficha kwenye nafasi tupu iliyo kati ya mwanzo wa diski na patisheni ya kwanza. Miaka nenda rudi ilikuwa inalala pale kama mlinzi aliyejibanza varandani, hakuna anayemwuliza.

Halafu ukaja mpangilio mpya, GPT. Huu ulikuja pamoja na UEFI, mrithi wa BIOS, na kwenye kompyuta za madukani ulitapakaa hasa tangu Windows 8 ya mwaka 2012. GPT inaweza kuhesabu diski kubwa kuliko terabaiti 2, ambazo wa zamani ulikuwa haufiki. Lakini orodha yake ni ndefu, na imekwenda kukaa pale pale varandani alipokuwa analala mlinzi wetu. Kwa mashine za UEFI hakuna neno, kwa sababu wao wana patisheni yao maalumu ya kuwekea butiloda. Balaa ni pale mashine ya BIOS inapofungiwa diski ya GPT. Mlinzi hana pa kulala.

Unaona sasa tunakokwenda?

Nikaiacha ile dirisha ya usakinishaji, nikafungua teminali, nikaipa amri ya kupachika GRUB kwa mkono. Hii ni siri ndogo ya kazi. Kidirisha kinakwambia tu kwamba imeshindikana, lakini amri ukiiita mwenyewe inakwambia na sababu. Ikasema wazi: diski hii ni ya GPT na haina patisheni ya BIOS Boot. Diski ile iliyotumika ilikuwa imetoka kwenye laptop mpya zaidi, ikaja na mpangilio wake wa kwao. Fundi aligawa patisheni kwa mkono juu ya mpangilio ule ule, na mashine ya 2008 ikaachiwa msala.

Kabla sijagusa kitu nilihakikisha mawili. La kwanza, kwamba sda ndiyo diski na sio flashi. Kompyuta ikiwaka na flashi, majina huweza kubadilishana, na watu wengi wamepachika GRUB kwenye flashi wakadhani wameweka kwenye diski. Flashi ikichomolewa, mashine inakufa tena. Angalia ukubwa: kitu cha 16GB ni flashi hata kikijiita nani. La pili, kwamba mashine imewaka kwa njia ya BIOS kweli. Linux ikiwa imewaka kwa UEFI, ndani ya folda ya /sys/firmware kunakuwa na folda inaitwa efi. Hapa haikuwepo. Kwa mashine ya 2008 nilitegemea hivyo, lakini wewe mwenye mashine ya 2011 hadi 2014 hivi uwe macho sana, maana nyingi za umri huo zinajua njia zote mbili. Flashi inaweza kuwaka kwa njia moja wakati diski imepangwa kwa njia nyingine, na hapo utapata kosa hili hili au ndugu yake. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio, uchague njia moja, ubaki nayo.

Ningeweza kufuta diski yote na kuiacha programu ijipangie yenyewe. Ni njia halali, diski haikuwa na kitu cha mtu. Lakini mfumo ulikuwa umeshanakiliwa wote, kilichokosekana ni butiloda tu, na kurudia kungenila nusu siku kwenye mashine ile. Basi nikatumia ujanja ambao mafundi wa Linux wanaujua. Orodha ya GPT inaishia kipande cha 33 cha diski. Patisheni ya kwanza siku hizi huanzia kipande cha 2048. Katikati, kutoka 34 hadi 2047, kuna vipande 2014 havina mwenyewe. Kila kimoja ni baiti 512, zidisha, unapata karibu megabaiti moja. Kwa GRUB hicho ni chumba na sebule. Nikaigeuza nafasi hiyo kuwa patisheni, nikaibandika alama ya bios_grub, bila kuifomati, maana haitakiwi kufomatiwa. Kisha nikaingia kwenye mfumo uliosakinishwa kwa mlango wa nyuma kupitia flashi, nikaita tena ile amri.

Ikajibu: usakinishaji umekamilika, hakuna kosa lililoripotiwa.

Nikazima, nikachomoa flashi, nikawasha. Kioo cheusi. Hakuna kifaa cha kuwashia.

Saa ilikuwa imefika saa nne usiku. Jirani anayechoma mishikaki alikuwa anafunga. Mayu alikuwa ameshatuma ujumbe mara tatu, wa mwisho umeandikwa “?” peke yake. Ndio wakati ambao mtu anaanza kukubaliana na hukumu ya mazabodi, kwa uchovu tu.

Nikakaa nikasoma upya nilichokuwa nacho. GRUB imeingia bila kosa. Betri mpya, kwa hiyo mashine inakumbuka ianzie kwenye diski. Iliyogoma ni BIOS yenyewe, hata haikufika kwa mtu wa winchi. Kwa nini iikatae diski? Kuna BIOS za zamani zenye kiburi cha namna hii: zikifika mwanzo wa diski zinatafuta kwanza kama kuna patisheni iliyotiwa alama kwamba ni hai. Zisipoiona zinasema hapa hakuna kitu, hata kama butiloda amekaa hapo hapo anapunga mkono. Diski ya GPT mwanzoni mwake ina orodha bandia ya mtindo wa kizamani, imewekwa kama ngao ili programu za zamani zisiione diski kuwa tupu. Ile orodha bandia kwa kawaida haina alama ya uhai. Basi unaiwekea. Kwenye programu ya parted inaitwa pmbr_boot, ni mstari mmoja tu. Nikaiandika, nikazima, nikawasha.

Orodha ya GRUB ikatokea, maandishi meupe kwenye weusi, ikaanza kuhesabu sekunde kurudi nyuma. Halafu Linux ikapanda. Nilipiga kofi mezani hadi mbwa wa mishikaki akabweka.

Ijumaa niliitumia kwa vitu vidogo: printa itambulike, herufi ziongezwe ukubwa, faili la kikoba liwekwe mahali ambapo Mayu atalikuta bila kunitafuta. Diski iliyotumika niliipima afya kwa smartctl, maana diski ya mkono wa pili ni kama gari la mkono wa pili, lazima ufungue boneti. Ilikuwa na masaa mengi mwilini lakini haina majeraha. Nikamwambia Mayu inafaa, ila asiifanye mume wa pekee. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Jumamosi saa nne asubuhi steshenari ilijaa mpaka barazani. Wanawake 28, watoto migongoni, sanduku la kufuli tatu katikati kwenye mkeka. Mayu akaniambia nisiiguse mashine, nikae nyuma. Akabonyeza mwenyewe. Kioo kikawa cheusi, na baraza zima likanyamaza. Ikatokea ile orodha ikihesabu. Bibi mmoja mbele akauliza, “Mbona inahesabu kinyumenyume?” Mayu akajibu bila kugeuka, “Inatusubiri, bibi.” Ikapanda, faili likafunguliwa, akaanza kusoma jina moja baada ya lingine, kila mtu anafuatisha na kitabu chake.

Sasa nikunong’oneze kitu. Maneno kule mitaani yalikuwa na mabingwa wake, na mmojawapo alikuwa yule wa karatasi moja ya A4. Jina lake lilipofika, mkopo ulikuwa umekaa pale na tarehe zake, marejesho mawili tu, salio bado nene. Watu waligeuka taratibu. Yeye akavuta kanga begani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Sawa, nikatwe kwenye hisa.” Hakuna aliyemzomea. Mayu akasoma jina linalofuata kana kwamba halikutokea lolote, na mimi pale nyuma nilimvulia kofia.

Walimaliza saa tisa. Hesabu ya kwenye kioo na fedha ya kwenye sanduku zilikutana. Mimi nikapewa ujira wangu pamoja na sado ya mchele, na nikaombwa nitamke mbele ya wote hizo hesabu zitalindwaje mwakani. Nikasema nakala mbili kwenye flashi mbili, kila baada ya kikao, zikae sehemu tofauti. Wakajadiliana kidogo kwa Kisukuma, wengine wakicheka. Uamuzi ukawa kwamba flashi moja ikae kwa mwenyekiti. Ya pili inalala ndani ya sanduku, chini ya kufuli tatu, pamoja na fedha.